Fungu la Bi Mgeni

Kabla ya adhana ya alfajiri, kitu cha kwanza kusikika nyumbani kwetu Majengo kilikuwa kata ya Bi Mgeni ikikwaruza chini ya mtungi. Chumba chake na chetu viligawanywa na ukuta mmoja wa udongo, na kwa miaka kumi na minne mkwaruzo ule ndio ulioniamsha. Nikiusikia najua ameamka mzima, basi nami naamka.

Mwaka wa hamsini na saba mwanawe Zahoro, aliyekuwa karani mjini, alipata nyumba katika mtaa mpya wa Ofafa. Nyumba ya mawe, bomba la maji hatua chache kutoka mlangoni. Alisema hatamwacha mama yake nyuma. Bi Mgeni akakubali shingo upande, na siku ya kuhama ikawekwa: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Machi.

Nilikuwa na kijibustani nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua la adhuhuri. Humo nilipanda maua ya kengele. Mume wangu Kombo alikuwa mtunza bustani Parklands, na siku moja bibi mwenye nyumba alimwambia atupe machipukizi yaliyozidi. Kombo hakuyatupa, aliyafunga kwa gunia bichi akayaleta kwa baiskeli. Yule bibi aliyaita kwa jina refu ambalo Kombo hakuweza kufika nalo nyumbani. Sisi tukayaita maua ya kengele, kwa kuwa ndivyo yalivyo: kengele ndogo za rangi ya samawati, zinainama kidogo kama zinasikiliza.

Bi Mgeni aliyapenda kuliko mimi. Kila alasiri alitandika jamvi lake kando ya maua hayo, akawa anayakata yaliyonyauka kwa kucha, moja moja, na ndiyo sababu yalichanua mara ya pili kila mwaka. Maji aliyooshea mchele hakuyamwaga mpaka ayalete pale. Hakuna aliyemwomba.

Sasa kichaka kilikuwa kimekua upana wa sinia. Katikati kilikuwa kikavu na kigumu kama kuni, na maua yalitoka pembeni tu, machache. Kombo akasema wakati wa kukigawanya umefika.

"Katikati pamezeeka," aliniambia. "Utachukua machipukizi ya pembeni, yenye mizizi myeupe. Hilo shina la katikati ni la kutupa."

Alhamisi kabla ya kuhama kwake, mvua ya kwanza ilipokwisha kulainisha ardhi, nilichimba kukizunguka kichaka, nikakiinua chote, nikakung'uta udongo. Nilikitenganisha kwa mikono, na palipokataa nikatumia kisu. Nikachagua machipukizi manne yaliyo bora kuliko yote, nikayaweka kwenye ungo juu ya gunia lililolowa, nikampelekea Bi Mgeni aende nayo Ofafa.

Alikuwa mlangoni akifunga vyombo pamoja na majirani wawili. Alitazama ungo. Kisha akatazama kule bustanini, ambako lile shina kubwa lilikuwa limelala kando ya jembe.

"Na lile?"

"Lile ni la katikati, Bi Mgeni. Lime—"

"Naliona ni la katikati. Sina umri wa kutoona." Akawageukia wale majirani. "Kuku mzima kachinjwa, mimi nimeletewa kucha. Firigisi kajifichia mwenyewe."

Majirani wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu firigisi ni ya mkubwa, na kumpa mkubwa kipande cha pembeni mbele za watu ni kumwambia kwamba umemsahau. Ningemwelezaje kwamba firigisi ya kuku huyu imeoza? Kila neno lililonijia lilikuwa na "zee" ndani yake.

"Ni lako, Bi Mgeni," nikasema. "Nilikuwa nalisafisha tu."

Nilirudi bustanini na ungo wangu, moyo umenisinyaa. Kutoka Majengo hadi Ofafa si mbali. Kwa mguu hata saa moja haifiki. Lakini mtu hatembei hata nusu saa kwenda kwa aliyempa kucha. Niliona wazi kwamba akiondoka na kinyongo, sitamwona tena isipokuwa misibani.

Kombo alinikuta nimechuchumaa. "Mpe, Mama Saad. Anayetaka jiwe hupewa jiwe."

"Litakufa mkononi mwake."

"Basi atajua."

"Sitaki ajue," nikasema.

Nilitoa sehemu zilizokufa kabisa za lile shina, zile ambazo kutoweka kwake hakungeonekana. Kisha nikachukua machipukizi matatu kati ya yale manne, nikayapachika kulizunguka, mizizi yao ndani ya nyufa zake, nikakandika kwa udongo laini kama mtu anavyokandika ukuta. Nilipomaliza lilikuwa kama kitu kimoja, kikubwa na chenye heshima.

Jumamosi vyombo vilipandishwa kwenye mkokoteni. Bi Mgeni alikataa kuweka ua lake humo; alilibeba mwenyewe kwenye karai. Tukapeana mikono. Akasema, "Ahsante kwa firigisi." Nikangoja neno jingine, lile ambalo kila anayehama humwambia jirani yake. Hakusema karibu.

Aprili ikapita, na Mei. Zahoro alikuja msikitini Pumwani kila Ijumaa, akapita kutusalimu. "Mama hajambo," alisema, basi. Niliuliza kuhusu ua, akasema yeye hajui mambo ya maua. Usiku na mchana nilikuwa na wazo moja: limekufa lote, na anadhani nilimpa kitu kibovu makusudi. Kwenda sikuweza, nyumba mpya ya mkubwa haiingiwi bila karibu.

Mwishoni mwa Agosti, baridi ilipoanza kulegea, Kombo alichoka nami. "Umengoja mwaliko, haukuja. Lakini miguu unayo. Au hiyo nayo ulimpa?"

Nikapika mkate wa kumimina, nikaufunika kwa kitambaa, nikaenda.

Aliyenifungulia alikuwa Kibibi, mke wa Zahoro. "Mama yuko nyuma na wanawe," akasema, na sikujua ni wana gani, maana Zahoro ni wa pekee.

Bi Mgeni alikuwa kwenye jamvi lake. Mbele yake, kando ya ukuta wa mawe, vilisimama vichaka vitatu vya maua ya kengele, vimejaa samawati mpaka majani hayakuonekana. Alikuwa amechanganya mchanga na samadi kwenye udongo mweusi wa Ofafa unaoshika maji, jambo ambalo sikuwa nimemwambia. Katikati yao kulikuwa na kisiki kikavu, cheusi, kimelala upande.

Aliniona. Hakuinuka, ila alisogea, akanipa nusu ya jamvi.

"Unaona?" akasema. "Mama kazaa watatu."

"Naona, Bi Mgeni. Mashallah."

Tukakaa. Akakata ua lililonyauka kwa ukucha, akakata la pili.

"Shamsia, umri ule hauzai."

Nikatazama mikono yangu.

"Wiki ya pili," akaendelea, "nilimwaga maji, udongo ukabomoka, nikaona alama za vidole. Vinne upande huu, gumba upande ule. Nikasema, huyu kampa bibi kizee firigisi yake, kisha kamfichia paja chini." Akaanza kucheka, bega linagonga langu. "Nilicheka hapa mpaka Kibibi akadhani nimepagawa."

"Basi mbona hukuniita?"

Kicheko kikamwisha taratibu. "Kwa haya. Nilikutukana mbele za watu, nawe ukachuchumaa kunifichia aibu yangu. Nikasema nitakuita yakishika mizizi. Yakashika. Nikasema yakichanua. Yakachanua, nikawa sina la kusema."

"Ungesema karibu."

"Hilo ndilo lililonishinda."

"Na hiki kisiki, mbona hukukitoa?"

"Mtu hatupi zawadi wakati aliyeitoa hajaja kuiona."

Basi tukakitoa pamoja. Yeye alishika upande mmoja, mimi mwingine, na kikatoka kirahisi kama jino la mtoto. Tukajaza shimo kwa udongo na samadi. Kibibi alileta chai, tukala mkate kwa mikono yenye udongo, na Bi Mgeni akaniambia habari zote za majirani wapya, nani ana kiburi cha bomba na nani anakoroma mpaka ukuta wa mawe unasikia. Jua likaanza kushuka. Nikainuka, naye akainuka na kunisindikiza hadi njiani.

"Haya yatataka kugawanywa tena lini?" akauliza.

"Baada ya miaka mitatu hivi."

Akanishika kiwiko.

"Miaka mitatu mimi siwezi," akasema. "Njoo Alhamisi."