Pampu Isiyopiga Kelele

Wako wanaume wanaomfungia mke kwa kufuli. Revocatus wa Butiama hakuhitaji kufuli. Kila jioni, Wankyo aliporudi kutoka Musoma kuuza maziwa, mumewe aliitoa baiskeli upepo wote, akaenda kulala na pampu chini ya mto. Asubuhi aliijaza mwenyewe, lakini mtoto wao Boke alibaki nyumbani kama rehani. Siku za hasira alianza na gurudumu, kisha akamgeukia mwenye baiskeli. Wankyo alishapoteza meno mawili kwa mtindo huo. Kwao walikwisha kumla ng'ombe wa mahari, na kila alipokimbilia huko walimrudisha.

Ndipo akamwendea Yusto, muuza vipuri pale Musoma, akaomba pampu ndogo ya kubeba njiani. Yusto akampangia tatu. Ya plastiki ilikuwa nyepesi, ila Wankyo alipoziba tundu kwa kidole gumba na kusukuma, upepo ulivujia pembeni. Ya pili ilikuwa na nguvu, lakini ililia kama mlango wa banda. Aliirudisha haraka. Ya tatu, ya chuma, fupi, yenye ngozi ndani, ilikisukuma kidole chake bila sauti. Akaiweka sikioni, akasukuma tena. Yusto akacheka, akasema wateja wake hupima pampu kwa kidole, si kwa sikio. Kisha akaliona jicho la Wankyo lililovimba, na kicheko kikamkauka.

"Mama, wengine wanazitumiaga kama rungu," akasema taratibu. "Usithubutu. Ikipinda kidogo tu, haijazi tena."

Alfajiri moja, Revocatus akiwa anakoroma, Wankyo alijaza magurudumu nyuma ya jiko kwa pampu ile ya chuma aliyoinunua. Alifunga dumu la maziwa kwenye keria ili majirani wadhani anaenda sokoni kama kawaida, akambeba Boke mgongoni, akashika njia ya Bunda kwa dada yake Petronila.

Kulikuwa kumekucha aliposikia pikipiki nyuma yake. Revocatus alikuwa ameiazima kwa jirani. Alimkata ngumi ya mdomo, akaipiga teke baiskeli ikaanguka, dumu likabingirika mchangani. Boke alipiga mayowe. Revocatus akainama kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kufungua valvu.

"Utarudi kwa miguu," akasema. "Na ukifika, hiyo miguu naivunja."

Mkono wa Wankyo ukaingia kifuani, ukaishika pampu. Kisogo cha mumewe kilikuwa pale pale mbele yake, na moyo wake ulikitaka. Akakumbuka maneno ya Yusto. Akautoa mkono mtupu, akaliinua dumu kwa mikono miwili, akamshushia nalo kichwani.

Revocatus aliangukia spoku. Alipojaribu kuinuka, Wankyo alimshushia tena, dumu likapasuka, maziwa na damu vikachuruzika pamoja. Mkono wa mumewe ukamdaka kifundo cha mguu. Wankyo aliukanyaga kwa kisigino mpaka vidole vikaachia, na ndani ya kiganja akaikuta valvu.

Akairudisha mahali pake. Akautupa ufunguo wa pikipiki vichakani. Akapiga magoti, akachomoa pampu, akaanza kujaza.

"Wankyo," mumewe aliguna chini, "utaniacha hapa nife?"

Wankyo alikuwa akisukuma, na pampu haikutoa sauti. Alipomaliza alilibonyeza tairi kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu. Akamkaza Boke mgongoni, akapanda.