Ndolo Nzomo, Mume wa Kujazia

Wewe ukiulizwa jina la baba yako, na baba yako ni mwanamke aliyeketi palepale uani akipepeta mbaazi, utaandika nini?

Mulei alikuwa akiulizwa hivyo tangu darasa la kwanza, na kila mara aliandika "marehemu". Haukuwa uongo kabisa. Mzee Kiilu, mwenye boma, alikuwa amekufa kweli, ila alikufa miaka mingi kabla Mulei hajazaliwa, akamwacha mkewe Kalunde bila mtoto. Kalunde akafanya kama walivyofanya wanawake wengine wa Ukambani waliofikwa na jambo hilo. Alitoa ng'ombe na mbuzi wake mwenyewe, akawaswaga mpaka kwa kina Kaluki kule Nuu, akaoa. Kaluki akaja Kilungu akiwa iweto, yaani mke aliyeolewa na mwanamke, akamzaa Mulei, na mtoto akawa wa Kalunde mbele ya wazee, nyama ikaliwa, mambo yakaisha.

Kalunde ndiye aliyelipa karo. Ndiye aliyemchapa Mulei alipoiba miwa ya jirani, na ndiye aliyempeleka kuonyeshwa mipaka ya shamba, mkonge kwa mkonge. Lakini siku ya wazazi shuleni, wenzake walipouliza yule mwanamke mrefu mwenye fimbo ni nani, Mulei alisema, "Ni susu," maana yake bibi. Kalunde alikuwa karibu, akasikia. Alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaendelea kumsikiliza mwalimu mkuu.

Hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka wa 1997 Mulei alikuwa amerudi kutoka chuo cha Nairobi, na mradi wa maji wa pale mlimani ulimpa chumba, meza, na kompyuta iliyoletwa na wafadhili. Kaluki aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau ili isiingie vumbi. Kila asubuhi Mulei alikikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya printa, ndipo akawasha.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu ya Windows ya kuandikisha nyumba zitakazopata bomba. Kila nyumba ingepewa mfereji wenye kufuli, na ufunguo angepewa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ndiye angekaa kwenye mkutano na kuinua mkono.

Mwanzoni programu ilisumbua kama zinavyosumbua zote. Mtu akibonyeza Hifadhi mara mbili kwa wasiwasi, nyumba moja iliingia mara mbili. Mulei akakifanya kitufe kilale mara tu kinapoguswa. Kazi ikiwa ndefu, skrini iliganda ikawa nyeupe na watu wakadhani imekufa. Akaweka alama ya kuwaambia wangoje. Programu ilipokuwa na neno la kusema, ilitoa kijisanduku katikati ya skrini, na hungeweza kugusa kitu kingine chochote mpaka ubonyeze palipoandikwa Sawa. Hilo aliliacha hivyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Kosa lililobaki lilikuwa moja. Kamati ya mradi ilikuwa imeamua kwamba nafasi ya kwanza ni ya jina la mume. Nafasi hiyo ikiachwa tupu, programu nzima ilianguka, na yaliyokwisha kuandikwa yakapotea. Na nyumba za kuiacha tupu zilikuwa nyingi: wajane, wasichana waliozalia nyumbani, maweto kama Kaluki.

Dawa ya kosa hilo inajulikana. Asubuhi moja Mulei aliandika mistari michache ya kuiambia programu kwamba mwanamke naye aweza kuwa mwenye nyumba. Ili ajaribu, akachapa jina la kwanza lililomjia: Kalunde. Akabonyeza Hifadhi. Programu ikakubali bila kusitasita.

Mzee Ndululu, mwenyekiti wa mradi na mzee wa kanisa, alikuwa ameingia nyuma yake pamoja na Hassan, fundi wa kompyuta kutoka Kitui mjini.

"Hapo umeandika nini, kijana?"

"Ninajaribu tu, mzee."

"Kalunde mwenye nyumba! Tangu lini?" Ndululu alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Ama ndiye babako?"

Hassan naye akacheka, maana hakuwa mtu wa pale na alidhani ni mzaha. Masikio ya Mulei yakawaka moto.

"Hapana, mzee. Ni jina la kujaribia."

"Basi jaribia na la mwanamume. Wageni wakija hapa wasije wakatuona watu wa ovyo, nyumba hazina wenyewe."

"Wee weka mtu yeyote hapo, bwana," Hassan akasema, "iache kuanguka. Mimi njaa inaniuma na pilau ya hotelini kwa Mwanahamisi haingoji mtu."

Mulei akaifuta ile mistari. Mahali pake akaandika kwamba nafasi ya mume ikikutwa tupu, programu iijaze yenyewe kwa jina Ndolo Nzomo. Hakuwa akimjua mtu wa jina hilo. Hakumwekea tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kompyuta ikampa ile inayowapa wote wasio na tarehe: tarehe thelathini Desemba, 1899. Kisha wakaenda kula pilau.

Wiki ya uandikishaji ilipokwisha, Ndolo Nzomo alifika. Alifika saa tisa alasiri, katika nyumba zote zisizo na mume, kwa wakati mmoja. Alivaa shati la kijivu na suruali ya kijivu, na uso wake ulikuwa wa mtu unayemsahau ukimpa kisogo. Kwa umri wake wa karibu miaka mia alikuwa imara. Kwa Kalunde alisimama mlangoni na hakuna mtu aliyeweza kuingia wala kutoka. Mbuzi walijikusanya nyuma yake. Kaluki alikuwa na chungu cha muthokoi mkononi, akangoja, hatimaye akasema, "Sawa." Ndolo Nzomo akasogea kando. Kaluki akapita, akamchotea chakula na kumpa kigoda.

Watu walimzoea upesi. Alikula kidogo na kufagia vizuri. Ukimuuliza jambo alijibu ndiyo au hapana, na akitaka kupita au kuketi alisimama mbele yako mpaka umwambie sawa. Kwenye foleni ya kusaga mahindi wanawake walilinganisha.

"Wa kwako ameshafika?" Mutindi, mjane wa upande wa juu, alimuuliza Kaluki.

"Alifika. Wako?"

"Yuko, anachambua maharagwe. Mume gani huyu asiyekoroma? Marehemu wangu alikoroma mpaka kuku wakahamia kwa jirani."

"Na hagombani."

"Hagombani, hanywi, hajui hata njia ya sokoni. Ningempata nikiwa msichana, ningekuwa bado nina meno yote."

Walicheka wakashika magunia. Lakini ufunguo wa mfereji wa Mutindi ulikuwa mfukoni mwa shati la kijivu, na wa kina Kaluki vilevile. Hakuwanyima. Wakimwomba na kusema sawa, alifungua kufuli, ingawa bomba lenyewe lilikuwa bado halijafika.

Kalunde aliingia nyuma ya Kaluki, Kaluki akishasema sawa, na Kaluki asipokuwepo alikaa nje mpaka jua likazama kwa sababu hakutaka kulisema. Yeye alikuwa amechimba mtaro wa bomba kutoka chemchemi ya juu mpaka ukingo wa shamba lake, kwa sururu, pamoja na wanawake wa upande ule wa juu. Viganja vyake vilikuwa bado vina magamba. Alikuwa ametarajia siku ya mkutano atakaa mstari wa mbele.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Walioruhusiwa kukaa kwenye mabenchi walikuwa wenye nyumba tu. Mabenchi matatu ya nyuma yalijaa Ndolo Nzomo, bega kwa bega, mikono juu ya magoti. Wanawake walisimama dirishani. Mwenyekiti Ndululu akaeleza kwamba maji ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba kwa maoni yake bomba kuu lipite kwanza kwenye machungwa yake, kisha sokoni, na upande wa juu ungojee msimu mwingine.

"Na sisi tuliochimba?" Mutindi akaita kutoka nje.

"Mama, mwenye nyumba wako yuko humu. Tumuulize yeye." Ndululu akageukia mabenchi ya nyuma. "Mnakubali?"

"Sawa," wakasema wote kwa sauti moja, wakainua mkono.

Mulei alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu za mkutano. Aliandika kwamba hoja ilipita. Kalamu haikukwama.

Kesho yake Kalunde alifika ofisini. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili na viatu alivyovaa akienda kuzika. Ndululu na Hassan walikuwa wakinywa chai karibu na dirisha. Kalunde aliingia bila kubisha, akasimama kando ya meza ya Mulei, akaitazama skrini kama mtu anayetazama ng'ombe wa mtu mwingine ndani ya shamba lake.

"Mtoe," akasema kwa Kikamba.

Mulei akamtafuta Ndolo Nzomo kwenye programu, akabonyeza Futa. Kijisanduku kikatokea katikati. Kilisema mtu huyu hawezi kufutwa kwa sababu kuna watu walioandikwa chini yake. Ni kosa la kawaida. Anayetengeneza programu hulikuta mara kwa mara, na lina sababu nzuri, kwamba mtoto asibaki akining'inia bila mzazi. Chini ya ujumbe yakafuata majina ya nyumba ya kwanza: Kaluki, mke wa Ndolo Nzomo. Mulei, mwana wa Ndolo Nzomo. Kisha programu ikauliza, kama alivyoifundisha yeye mwenyewe, ni nani awekwe badala yake, na kistari kidogo kikawa kinawaka na kuzima kwenye nafasi tupu.

"Imesema nini?" Kalunde akauliza.

"Inataka jina la mtu."

"Jina unalijua."

Mulei aliweka vidole juu ya kibodi. Alijua herufi zilipo bila kutazama. Kama angeliandika, angelazimika kuirudisha ile mistari aliyoifuta, na kuirudisha kwa nyumba moja ni kuirudisha kwa zote. Mutindi angepata ufunguo wake. Mabenchi ya nyuma yangekaa watu waliochimba.

"Mulei," Ndululu akaita, akiweka kikombe chini kama mtu asiyemjua Kalunde, "huyu mama ni nani wako, hata aingie ofisi ya watu bila hodi?"

Hassan aligeuka kutazama, kwa adabu tu, kama mtu anavyogeuka akisikia swali.

"Ni susu, mzee," Mulei akasema.

"Ah, basi. Karibu chai, susu."

Mulei akabonyeza Acha. Kijisanduku kikaondoka. Kalunde alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akamshukuru mwenyekiti kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka.

Bomba likapita kwenye machungwa. Yalizaa vizuri mwaka ule, makubwa, yenye maganda membamba, na Ndululu alituma kikapu kimoja kwa kila nyumba ya upande wa juu. Mifereji ya upande ule ilibaki mikavu na kufuli zake zikashika kutu. Kuku waliugeuza ule mtaro kuwa mahali pa kuoga vumbi. Ndolo Nzomo aliendelea kukaa. Kaluki alimshonea kifungo cha shati, akampa kikombe chake, cha bluu, na hakuna mwingine aliyekitumia. Makanisani aliombewa pamoja na waume wengine. Hassan alipokuja tena kutoka Kitui, aliiangalia programu na kuisifu kwamba haijaanguka hata siku moja.

Mulei hakuwa akilala nyumbani siku hizo. Alikuwa amepanga chumba sokoni. Alikwenda Jumamosi moja mchana, na ndizi na sukari ndani ya mfuko. Alimkuta Kalunde uani, ungo magotini, akipepeta mbaazi. Ndolo Nzomo alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma yake akingoja. Mulei akakaa chini, akaokota mbaazi zilizoruka na kuzirudisha kwenye ungo, moja moja, kama alivyofanya akiwa mdogo.

"Ninaweza kulirekebisha," akasema baadaye. "Ni mistari michache tu. Hata leo, ukitaka ufunguo."

Kalunde alipuliza makapi. Aliutikisa ungo, akachagua kijiwe, akakitupa kwa kuku, na kuku akakikimbilia na kukiacha.

"Ufunguo wa nini, na maji hayapo," akasema. "Mimi mtoni nimekwenda tangu nikiwa msichana, mgongo wangu unaijua ile njia. Sikuja ofisini kwa ajili ya ufunguo."

"Ulitaka nini basi?"

Ndolo Nzomo alingoja mlangoni. Hakuna aliyemwambia sawa.

"Nilitaka uulizwe baba yako ni nani," Kalunde akasema, "na mimi niwe nimesimama palepale, na wewe uninyooshee kidole."