Chafya ya Kwanza ya Mtangulizi Mkuu

Katika nchi ya Awali, ambayo mgeni huifikia akiwa amechelewa hata kama ameondoka kwao alfajiri, kila kitu kilikuwa na wa kwanza wake, na huyo wa kwanza hakukosa kuwa mtu wa ukoo wa Watangulizi. Waliishi kilimani, katika kasri lenye madirisha mia moja yaliyoelekea mashariki, ili jua likichomoza lisije likamwamkia mtu mwingine kabla yao; wao ndio waliolimbuka mahindi mabichi, wao waliouona mwezi mwandamo, wao waliovuka daraja jipya, na mmoja wao alipofariki alizikwa mbele ya maiti wote waliotangulia kufa. Sheria yao ilikuwa fupi, hata mtoto aliikariri: aliyetangulia ndiye mwenyewe. Kwa sheria hiyo walimiliki mashamba, njia, visima na hata vivuli vya asubuhi. Chini kabisa, kilima kilipokwisha na matope kuanza, palikuwa na mtaa wa Mkiani, ambao wakazi wake hawakuwa na cha kujivunia ila chemchemi moja ya maji matamu, na hiyo babu zao waliifikia kabla ya Mtangulizi yeyote. Jambo hilo liliwauma watu wa kilimani kwa miaka mia mbili.

Kila mwaka kipupwe kilipoingia, mafua nayo yaliingia, na hata hapo utaratibu ulifuatwa. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya kabla ya Mtangulizi Mkuu. Watu walibana pua, walijifunika kanga usoni, walitokwa machozi sokoni huku wakisingizia vitunguu, mpaka siku ya baraza alipojitokeza kwenye roshani, akavuta pumzi ndefu na kupiga chafya mbele ya wazee, ngoma zikalia. Baada ya hapo nchi nzima iliruhusiwa kuugua.

Mimi nilikuwapo kila mwaka, safu ya tatu, chini kidogo ya pua yenyewe. Naitwa Fumbwe, Mwandishi Mkuu wa Nasaba za Mafua, cheo ambacho nikikitamka mbele ya kioo huinua kidevu bila kujijua. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia ukoo wa mafua. Kirusi cha mafua, kinapopita pua hii na ile, hubadilika kidogo katika vinasaba vyake, kama shuka la maskini linaloongezwa kiraka kila linaporithiwa. Mtu akiwa na mashuka ya kutosha, akahesabu viraka na kutazama vimeshonwa wapi, atajua lipi mama na lipi mwana. Ndivyo tulivyochora mti wa mafua ya mwaka, na kwa mti huo ikatengenezwa chanjo ya mwaka uliofuata.

Ni elimu nzuri, na mimi niliiharibu. Pua za kasri hazikupimwa, maana pua tukufu haichokonolewi, kwa hiyo kila mti nilioleta ulikuwa na tundu pale penye shina. Sheria ilitaka chimbuko litajwe. Mtaa wenye chimbuko ulizungushiwa ua wa miiba mpaka mafua yaishe, na ukitajwa mara ya tatu wakazi wake walihamishiwa jangwani na ardhi yao ikawa ya Watangulizi. Miaka miwili mfululizo niliandika Mkiani. Hakuna aliyenitisha wala kunihonga. Laiti ningehongwa, leo ningekuwa walau na nyumba ya mawe. Nilikisia tu kilichotakiwa, nikakiandika kwa mwandiko mzuri. Na kwa kuwa mti ulikuwa wa uongo, chanjo yetu ilitukaa kama kofia ya jirani, watu wakaugua kilimani na bondeni.

Mwaka wa tatu alikuja mezani kwangu Bi Tunzo, mpimaji wetu, mzaliwa wa Mkiani, mwanamke asiyekaa mpaka aambiwe na akiambiwa bado hakai. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na sanduku lake la vijiti vyenye pamba, akapima pua mia nne. Alinieleza kwamba mafua yote ya Mkiani yalikuwa na viraka vitano vilevile, na kwamba hayakuzaliwa huko. Yaliletwa na mtu mmoja, mtu wa viraka vinne, aliyeingia mtaani siku moja baada ya chafya ya baraza.

Nilimwuliza kwa bidii ya kikazi ni nani huyo, tumkamate. Alifungua sanduku lake. Alinitazama tu, nami taratibu nikakumbuka kwamba mtu anayetoka kasri hadi Mkiani katika Awali nzima ni mmoja. Sina mke wala rafiki. Duniani naenda mahali patatu: ofisini, kasrini, na kwenye kibaraza cha mama yake Bi Tunzo, ninakokula mihogo ya nazi na kuwapigia wenzangu chafya kwenye sahani.

"Keti, Bwana Fumbwe," akasema. "Inua kichwa."

Pamba ilinifika mahali ambapo nadhani mawazo yangu hukaa. Jibu lilitoka siku ya nne: viraka vinne. Miaka yote nimewachora wengine kwenye mti, na kumbe mimi nilikuwa tawi lililokosekana, tawi nono, lenye kilemba.

"Mama ana miaka sabini na sita," Bi Tunzo akaniambia. "Jangwani hamalizi mwezi. Andika ulichokiona."

Ningependa kusema niliandika. Niliandika taarifa mbili. Moja ilisema kweli: kasri, kisha Fumbwe, kisha Mkiani. Nyingine ilisema Mkiani. Nilizitia mifukoni, moja kulia na moja kushoto, nikapanda kilima nikiomba nifike nikiwa nimekuwa mtu mwingine. Nilifika nikiwa yuleyule.

Mtangulizi Mkuu alikuwa amejilaza, pua nyekundu, wazee wamemzunguka, na ramani ya chemchemi imekwisha kutandazwa. Hakuuliza taarifa iko wapi.

"Andika Mkiani," alisema.

Siku hizi watu husema nilimtega. Sikumtega. Nilikuwa natetemeka, na mimi nikitetemeka husoma kanuni, kama wengine wanavyosoma dua.

"Nitaandika, Mtukufu. Ila kitabu cha nasaba kinataka na siku, ambayo miaka miwili niliiacha wazi. Mkiani wakiwa ndio chimbuko, itabidi iandikwe kwamba walipiga chafya kabla yako."

Wazee waliacha kukohoa.

"Kabla yangu?"

"Siku mbili hivi, Mtukufu."

Alinyanyuka kwenye mito. Nilidhani ataniua, na nakiri nilichokifikiria ni nani atakirithi cheo changu. "Hajazaliwa wa kunitangulia," akasema. "Andika jina langu. Andika kwa wino mwekundu."

Niliandika. Chini yake, kwa kuwa sheria ilitaka na mpitishaji atajwe, niliandika langu, kwa wino wa kawaida. Kabla ya adhuhuri askari walikuwa wanazungusha miiba kwenye kasri. Askari wa Awali hawakufundishwa kufikiri, walifundishwa kutii kilichoandikwa, na hapo ndipo Mkiani walipopona. Bi Tunzo alisema mama yake alilia alipopata habari, kisha akaenda kuteka maji.

Sisi tuliofungiwa ndani tulianza kwa fahari. Watangulizi walishindana nani aliambukizwa wa pili na nani wa tatu, wakajitolea kupimwa wenyewe, pua tukufu zikachokonolewa moja baada ya nyingine. Wiki ya tatu Bi Tunzo alisimama nje ya miiba na karatasi yake. Mtangulizi Mkuu, alisoma, ni wa nne. Kabla yake kuna mpishi, ambaye alikuwa amebana chafya siku sita kwa kuitii sheria. Kabla ya mpishi kuna mtunza farasi. Kabla ya mtunza farasi kuna mgeni aliyekwisha kurudi kwao, na yeye aliyapata mafua kwa watu tusiowajua.

"Basi wa kwanza ni nani?" Mtangulizi Mkuu aliuliza.

"Sijamwona," Bi Tunzo akajibu. "Kila pua niliyoipima ilipewa na nyingine."

Ilikuwa ajabu kuona uso wa Mtukufu. Sheria ilisema ua hauondolewi mpaka mafua yaishe. Anayetaka kutoka kabla ya hapo apimwe, na pua ikiwa safi apite peke yake kwenye upenyo, miguu mitupu. Kwa hiyo tulipanga foleni uani, wapishi, wazee, watunza farasi, kila mtu alipofikia. Mtangulizi Mkuu alifika akiwa amechelewa kidogo kwa ajili ya kuvaa joho, akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni, ikisubiri.

Nilitaka kumpisha. Wallahi nilitaka, mgongo ulikwisha kuinama wenyewe. Lakini miguu haikusogea, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ushujaa au ganzi. Bi Tunzo alitoa kijiti kipya, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaita, "Anayefuata."