Taulo la Bradley

Katika kliniki yetu hapa Al Thumama, Uarabuni, mwanasesere wa mazoezi tulimpa jina Bradley. Ni wa plastiki, ukubwa wa mtoto aliyezaliwa leo. Kila mkunga akimaliza mtihani wa kumpulizia hewa, humfunga taulo kabla ya kuondoka. Loice, mwenzangu kutoka Bomet, ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Mimi nilimwambia ana wazimu kidogo.

Asubuhi hiyo mtihani ulinitoa jasho. Nilipuliza, kifua cha Bradley hakikuinuka.

"Edith, kichwa umekirudisha nyuma mno," alisema Githinji, mkufunzi wetu. "Pua iangalie dari."

Mara ya pili kiliinuka, lakini nilikuwa nimeshakasirika. Nilimwacha Bradley uchi mezani, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni.

Adhuhuri nikamzalisha Scovia, Mganda anayefanya kazi hotelini West Bay. Mtoto alitoka mlegevu, wa buluu, kimya. Nikabonyeza kengele ya msaada. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, taulo lililolowa nikalitupa sakafuni. Nikamvika barakoa yenye mfuko wa hewa, nikapuliza. Kifua hakikuinuka. Nikaweka kichwa sawa, pua juu. Bado.

"Sista, mbona halii?" Scovia aliuliza.

Niliogopa sana.

Loice aliingia mbio, akashika taya la mtoto. "Puliza," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Bradley ulimfunika?"

"Loice, usinianze, tafadhali."

Nikapuliza tena. Kifua kilibaki bapa. Nyuma yangu nikasikia kitu chenye maji kikiburutwa sakafuni, taratibu, kuelekea mlangoni. Sikugeuka, maana wakati ule mkunga haondoi macho kifuani. Sauti ilipopotea, kifua kikainuka. Mtoto akakohoa, akalia. Na mimi nikalia.

Tulipokuwa tukisafisha chumba, sikuliona lile taulo. Loice alikuwa hajatoka hata mara moja. Nikaenda chumba cha mazoezi. Mlango ulikuwa bado umefungwa, nikaufungua kwa ufunguo wangu.

Bradley alikuwa amefungwa vizuri, mpaka kichwani, kwa taulo lenye damu ya Scovia.

Miguu iliniambia nikimbie. Lakini mtoto haachwi ndani ya kitambaa kilicholowa. Nikamfungua, nikamkausha, nikamfunga taulo kavu, huku nikimwomba radhi.

Mwili wake ulikuwa na joto.