Tumbo Lililonyamaza

Katika kambi ile ya wakimbizi pembeni ya Goma kila mtu aliumwa tumbo, basi nani angemshangaa Rosine? Maji mabaya, maharage yasiyoiva, amiba, minyoo, njaa yenyewe: sababu zilikuwa tele, na kila jirani alikuwa na yake ya kutoa bila kuombwa. Siku mbili msichana alijikunja ndani ya hema la shitingi, akitapika, akikataa hata uji. Maumivu yalianzia kitovuni, yakashuka upande wa kuume, yakapiga kambi hapo.

"Tumupeleke ku hospitali, kwa muganga," alisema jirani yao, Sidonie.

"Juu ya tumbo tu?" mama yake Rosine, Philomène, akamjibu. "Mimi nililea batoto saba na hii puare yangu."

Puare ni kile kipira cha kuingizia dawa nyuma. Philomène alipokimbia mabomu kwao Kiwanja aliacha mbuzi, sufuria na picha ya ndoa, lakini puare hakuiacha. Asubuhi ya siku ya tatu akachemsha majani, akatia tangawizi, akamfanyia bintiye.

Saa sita maumivu yakakoma. Ghafla tu.

"Mama, haiume tena."

Philomène akapiga vigelegele, akamshukuru Bikira Maria, akamtambia Sidonie mbele za watu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mwenye furaha humwambii kitu. Kufika jioni Rosine alikuwa akiwaka homa, na tumbo limekuwa gumu kama ubao.

Muuguzi wa kambi aliligusa mara moja tu. "Iliacha kuuma saa ngapi?"

"Saa sita. Nilimupiga puare."

"Mama, ni apandisite, ile kidole ya tumbo. Ile saa sita ndiyo ilipasuka. Mungemuleta siku ya kwanza, wakati ilishuka kuume na akaanza kutapika."

Ua wa hospitali ulijaa majeruhi wa vita. Daktari wa kupasua alikuwa mmoja, na mbele ya Rosine kulikuwa na watu saba wenye risasi mwilini. Philomène alikiri kosa lake kwa kila aliyevaa koti jeupe. Alitaka akemewe, hata apigwe, lakini hakuna aliyepata nafasi.

"Usimuguse tena ile tumbo," mmoja alimwambia, akaikimbilia machela nyingine.

Rosine akaushika mkono wa mama yake, akauvuta auweke tumboni, kama alivyozoea tangu utotoni. Philomène, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto huyu kitu, akauondoa.