Sahihi ya Bi Orletha

Jimbo letu lilipotangaza kwamba hata wasio na kitambulisho chake sasa wataweza kujiandikisha kupiga kura mtandaoni, kulikuwa na shangwe, keki, na waheshimiwa watatu waliogombania kipaza sauti. Mimi ni mkutubi wa mji mdogo wa Tisdale. Nilishangilia pia, kwa ujinga wangu.

Wa kwanza kuja maktaba alikuwa Bi Orletha Gadsden, miaka themanini na minne. Leseni ya udereva aliirudisha alipogonga sanduku la barua la mchungaji mara ya pili, na huku kwetu leseni ndiyo kitambulisho; asiye nayo ni kama hajazaliwa. Kura aliitaka kwa sababu moja tu: kaunti ilikuwa inawauliza wananchi kama iendelee kulipia basi la wazee. Basi hilo ndilo humpeleka hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Likifutwa, hana usafiri mwingine.

Tulijaza kila kitu kwa dakika tano. Mwishoni ukurasa ukasema aweke sahihi kwa kidole.

"Kwa kidole?" akauliza. "Mwanangu, nimefundisha watoto mwandiko miaka arobaini. Kidole ni cha kuonjea mchuzi."

"Hakuna njia nyingine, Bi Orletha."

Akavua pete, akajaribu. Kidole kiliteleza kwenye kioo, ikatoka michoro ya kuku aliyefukuzwa.

"Futa hiyo aibu!"

Kitufe cha kufuta kilibanana na cha kutuma, na mimi nina vidole vinene. Ukurasa ukatushukuru kwa kujiandikisha.

Uchaguzi ni Jumanne, na Jumanne ni siku yake ya hospitali, kwa hiyo alipiga kura kwa posta. Bahasha aliisaini kwa kalamu ya wino, herufi zimelala upande mmoja, hakuna iliyojikwaa. Ikaja barua: sahihi hii hailingani na iliyo kwenye kumbukumbu zetu. Fika ndani ya siku tatu, la sivyo kura haitahesabiwa.

Nilimpeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti. Karani alikuwa Dewitt Loomis, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

"Dewitt, unanijua?"

"Nakujua, mwalimu. Ulinichapa rula kwa sababu ya herufi moja."

"Na ilikuwa mbaya kweli. Basi waambie ni mimi."

"Mimi nakujua, mashine ya kulinganisha sahihi haikujui." Akashusha sauti. "Saini tu kama ulivyosaini mwanzo, mwalimu. Hovyo hovyo."

Bi Orletha akasema bila kumtazama yeyote: "Mama yangu aliandika jina lake vizuri kuliko afisa aliyekuwa akimhoji alipokwenda kujiandikisha. Walimkatalia kupiga kura kwa sababu ni mweusi, wakachana karatasi mbele yake. Ndiyo maana nikawa mwalimu wa mwandiko."

Dewitt akainamisha kichwa. Mimi nilitamani kuipiga ile mashine teke.

Akashika kalamu. Sahihi ya kwanza ilitoka nzuri, mashine ikaikataa. Ya pili ikawa nzuri vilevile, mkono haukujua njia nyingine. Ilibaki nafasi moja. Akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akafumba macho, akakoroga. Taa ya kijani ikawaka.

"Hongera, mwalimu! Sasa ni wewe."

"Haya, itoe hiyo takataka uweke sahihi yangu ya kweli."

Dewitt alisoma kwenye kompyuta, akasoma tena, masikio yakamwiva. "Inawezekana, mwalimu. Ila kubadilisha sahihi kunahitaji kitambulisho cha jimbo."

Basi la wazee lilinusurika kwa kura tisa. Waheshimiwa walikata keki nyingine. Na Bi Orletha, kila Jumapili akitoka kanisani, hukaa mezani na daftari, kalamu mkono wa kushoto, akijizoeza kuandika jina lake vibaya. Likitoka zuri, hulikata kwa mstari na kuanza upya.