Mkurugenzi Anaomba Kuwa Fundi

Hakuwa na shahada. Hakuwa na ndugu katika ile nchi ya baridi aliyotaka kuhamia, wala mwajiri wa huko wa kumwita, wala umri wa kujivunia, maana arobaini ilikuwa inamjia mbio. Lugha yao alikuwa nayo ya kuombea maji na kuulizia choo. Akiba hakuwa nayo. Tai alikuwa nazo saba. Na juu ya yote hayo, hakuwa na alama kumi na moja.

Alama hizo ndizo zilizomkosesha raha. Nchi ile haichukui watu kwa sura wala kwa maneno. Inampima mtu kama nyama kwenye mizani: umri alama kadhaa, lugha kadhaa, masomo kadhaa, miaka ya kazi kadhaa. Kisha wanachora mstari. Aliye juu ya mstari anaitwa, aliye chini anaendelea kuota. Yeye alikuwa chini, na mwezi uliofuata, siku ya kutimiza arobaini, mizani ingempunguzia tena na habari ingeishia hapo.

Mtaani aliitwa Mkurugenzi. Jina alijipa mwenyewe, na watu wakaliacha lisimame kwa uvivu wa kubishana. Alikuwa amepanga chumba ghorofani, juu ya duka la rangi, chenye meza, viti viwili na kibao mlangoni kilichosema Mkurugenzi Mtendaji. Alitenda nini, hakuna aliyejua. Ukimuuliza, alisema anaunganisha watu. Watu wenyewe walipanda ngazi, wakaunganishwa na kiti, wakashuka.

Mtu wa namna hii huvuta mawakala kama mzoga unavyovuta nzi. Mapema mwaka ule alikuwa amempata mmoja mwenye viatu vya kung'aa, aliyemwambia kwamba alama hazisubiriwi, zinatafutwa. Akampeleka kwanza kwenye semina ya uongozi. Mkurugenzi akatoka na cheti chenye utepe wa dhahabu, ambacho mizani ya ng'ambo ilikitazama kama karatasi ya kufungia karanga. Akatafutiwa mwalimu wa lugha ya pili ya nchi ile, kwa kuwa nayo inahesabiwa. Baada ya msimu mzima aliweza kuagiza kahawa mbili na kuomba radhi. Ikafuata barua ya mwenye nyumba, yenye mhuri, kuthibitisha kwamba mpangaji wake ni mtu mwenye maono. Mwenye nyumba aliiandika kwa moyo mweupe, maana alikitaka chumba chake.

Mwisho wakala akaulizia elimu ya mke, kwa kuwa mke mwenye masomo huongeza alama. Aliposikia kwamba mke aliishia kidato cha nne na anasaidia buchani kwa baba yake, alikuna kidevu akasema kwamba wapo wateja wake waliobadilisha. Mke alikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao. Alitoka taratibu, akakiondoa kikombe cha chai mbele ya wakala kabla hajakimaliza. Wakala alielewa, akaaga.

Mke akaketi kwenye kiti kile kile, akavuta bunda la karatasi za maombi na kuanza kusoma. Karatasi zote zilikuwa zimechakaa kwa kushikwashikwa, isipokuwa moja iliyonyooka kama imetoka dukani.

"Ukurasa huu umeusoma?"

"Huo ni wa mafundi," alisema mumewe.

"Na wewe ulikuwa nani kabla hujanunua tai?"

Alikuwa fundi friji. Cheti cha chuo cha ufundi kilikuwa chini ya kitanda, ndani ya begi, chini ya viatu. Miaka sita alijaza gesi, akachomelea mabomba ya shaba na kufufua kompresa zilizokwisha kuagwa na wenyewe. Na pale kwenye ukurasa alioruka kwa sababu ya kichwa chake cha habari, mstari wa nne, waliandikwa mafundi wa mitambo ya kupoza, kwa alama za kumvusha mstari na za akiba. Nchi ambako baridi inagawiwa bure barabarani bado ilikuwa inatafuta watu wa friji. Walitaka cheti, na barua ya aliyemwajiri, ikieleza alifanya nini kwa mikono yake, na iwe na namba ya simu ili wampigie wamuulize.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Aliyemwajiri alikuwa Mama Gesi.

Mama Gesi alikuwa na karakana nyuma ya kituo cha mafuta, na ndiye aliyekubali kusimama kama mkubwa wake siku ya kwenda kuposa. Walipofika kwa baba wa binti, mwenye bucha kubwa na chumba cha baridi cha kutundika ng'ombe wazima, kijana aliona sebule, akaona saa ya ukutani, kichwa kikamvimba. Akasema karakana ni yake. Alipoulizwa huyu mama ni nani, akasema ni karani wake. Mama Gesi aliweka kikombe chini, akatazama dari, akanyamaza ili posa isiharibike. Tangu siku ile mwenye bucha alipopata hitilafu alipiga simu karakana na kusema, karani, mwambie bosi wako atume mtu. Hata bosi huyo alipoacha kazi na kwenda kukaa juu ya duka la rangi, simu ziliendelea. Mama Gesi alijibu kwamba ujumbe utafika, akatuma fundi, akalipwa bei kamili.

Mkurugenzi alikwenda kwake amevaa tai, na barua aliyojitungia mwenyewe mkononi. Alimkuta amepiga magoti kati ya milango ya friji iliyong'olewa, anapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba kutafuta panapovuja. Alifuta mikono, akaisoma barua yote, kisha akarudi mstari wa juu.

"Mkurugenzi wa Ufundi na Mikakati," alisoma. "Mikakati ya friji ipi?"

Alianza kueleza kwamba ng'ambo wanapenda vyeo. Mama Gesi akamwambia kwamba atamwandikia alikuwa fundi, kwa sababu alikuwa fundi, na mzuri, jambo lililomsikitisha kila alipoiona tai. Lakini wale watu watapiga simu, na simu ni hii moja, ndiyo ile anayoitiwa karani.

"Siwezi kuwa bosi wako ng'ambo na karani wako hapa mtaani, mwanangu. Chagua."

Akasihi. Akaahidi kwamba atamweleza mkwewe akishafika huko, kwa simu, kwa utaratibu. Mama Gesi alikuwa amekwisha kurudi kwenye povu lake. Mkurugenzi akarudi nyumbani, akazunguka na tai yake wiki nzima, akijaribu kutafuta mtu mwingine wa kusema uongo mfupi zaidi. Arobaini ikazidi kusogea. Mkewe alimuuliza mara moja tu kama amepata barua. Alipoona anageukia dirishani, hakuuliza tena, akakirudisha kile cheti, alichokuwa amekitoa, ndani ya begi, chini ya viatu.

Chumba cha baridi kilimaliza ubishi. Kilizima asubuhi, siku ya mzigo mkubwa, na mwenye bucha akapiga simu kwa karani akamtaka bosi wake atume mtu haraka. Mama Gesi akamjibu kwamba leo anakuja bosi mwenyewe. Kisha akapanda ngazi za duka la rangi, ambazo hakuwahi kuzipanda, akaweka ovaroli juu ya meza ya Mkurugenzi Mtendaji. Alisimama mlangoni, karibu na kibao, akisubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Walifika buchani pamoja. Mkwe alikuwa mlangoni na aproni yake, na nyuma yake nyama zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Alimwona mume wa bintiye ndani ya ovaroli akacheka.

"Umekuja kusimamia, mwanangu? Vizuri. Fundi yuko wapi?"

Binti alikuwa nyuma ya mizani, kisu mkononi, na aliacha kukata. Mkurugenzi alimtazama mkewe, akatazama sakafu yenye maji. Maneno yake yote ya ghorofani yalikuwa yamebaki ghorofani.

"Fundi ni mimi, baba," alisema. "Karakana ni ya mama huyu. Hakuwahi kuwa karani wangu. Mimi ndiye niliyekuwa kijana wake wa kazi."

Mzee alijifuta mikono kwenye aproni. Alipozungumza, hakutaja heshima wala ukoo.

"Kwa hiyo miaka yote hii nina fundi mezani kwangu, anakula paja, na mimi nalipia mafundi." Akamgeukia Mama Gesi. "Na wewe ulikuwa unaitika."

"Ulikuwa unalipa kwa wakati, mzee."

Mkurugenzi aliingia ndani ya mtambo kwa furaha ya panya aliyeona tundu. Ajabu, mikono ilikuwa haijapata cheo. Ilikumbuka kila kitu. Ilipaka povu, ikaona kiputo kimoja kidogo kikivimba kwenye ungio la nyuma, ikachomelea, ikavuta hewa, ikajaza gesi. Feni ikaanza kuvuma. Mkwe alisimama akitazama kipimajoto kikishuka na uso wake ukishuka nacho, akauliza sasa ng'ambo anafuata nini, wakati chumba hiki kinaharibika kila mara. Binti akasema wanakwenda wote wawili, akaendelea kukata.

Barua iliandikwa siku ile ile, juu ya friji lililolazwa. Mama Gesi aliorodhesha kazi moja moja, hakupamba hata moja. Alipofika kwenye cheo, Mkurugenzi, mikono bado ina masizi, aliuliza kama haingewezekana kuongeza neno mwandamizi. Kuna watu hawaponi. Mama Gesi aliandika Fundi, akatia sahihi, akapiga mhuri, akakunja.

Hakumpa. Alilamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, na kuipeleka posta mwenyewe, Mkurugenzi akimfuata nyuma. Karani wa dirishani, karani wa kweli huyu, aliuliza jina la anayetuma. Mkurugenzi alisogea ajibu, kalamu tayari imetoka mfukoni. Mama Gesi aliiweka kwapani bahasha, akaandika yeye jina lake kwenye daftari la dirishani, akaikabidhi, akasubiri mpaka stempu ikagongwa na bahasha ikadondoka ndani ya gunia.

"Sasa unaweza kuweka kalamu," alimwambia.